Simu Ina Saa, Mbona Mkono Bado Una Nyingine?

Mwezi uliopita nilikaa muda mrefu kwenye kibanda cha fundi saa, hatua chache kutoka River Road, Nairobi, nikingoja betri ya saa yangu ibadilishwe. Kibanda chenyewe ni sanduku la kioo juu ya meza, na nyuma yake mzee aliyebana lensi kwenye jicho la kulia. Nilidhani nitamkuta peke yake. Nikakuta foleni. Kulikuwa na kijana wa bodaboda ambaye kioo cha saa yake kilikuwa kimepasuka, soja wa jengo la jirani aliyekuja kuchukua Casio yake, na muuguzi aliyeleta ile saa ya kubandika kifuani, inayoning'inia kichwa chini ili mwenyewe akiinamisha macho aisome sawasawa. Wote walikuwa na simu. Yule kijana alipotajiwa bei alitoa yake akalipa kwa M-Pesa, na juu kabisa ya kioo cha simu hiyo saa ilionekana wazi, tena sahihi kuliko ile aliyokuwa akiilipia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kwa nini mtu mwenye saa mfukoni agharamie nyingine ya mkononi, katika mji ambao kila shilingi ina mahali pake pa kwenda?

Wanaosema saa ya mkono imepitwa na wakati hawasemi ovyo. Simu hupata majira yake kutoka kwenye mtandao, haihitaji mtu wa kuirekebisha. Saa ya betri ya bei ya kawaida hukimbia au huchelewa kama sekunde 15 hadi 30 kwa mwezi, na ile ya kutia ufunguo inaweza kupotea kiasi hicho kwa siku moja. Betri huisha, mkanda hukatika, na katikati ya mji ni rahisi kuuziwa saa yenye jina kubwa usoni na mashine hafifu ndani. Isitoshe, saa haijamfanya mtu awahi. Kadi ya harusi huandika saa nne kamili, wageni wakafika saa sita, na wengi wao mikononi wamevaa saa nzuri kabisa.

Hoja nzito zaidi ni ya fahari. Katikati ya mwaka 2024, vijana wa Kenya walipokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, picha za viongozi zilikaguliwa moja moja mtandaoni, watu wakihesabu thamani ya saa walizovaa. Hasira ile ilikuwa ya haki. Mtu hawezi kuwaambia wananchi wakaze mkanda huku kwenye kifundo cha mkono wake amevaa kodi ya nyumba ya miaka kadhaa. Saa za namna hiyo hazivaliwi ili zisomwe. Zinavaliwa ili zionekane. Lakini naona tunakosea tunapoichukua hukumu hiyo na kuibebesha ile Casio ya soja. Soja hakununua kitu cha kutazamwa na wengine. Alinunua kitu cha kutazama yeye.

Wapo pia wanaoiona saa kama pingu ya mwajiri. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na reli huenda kwa dakika. Kabla ya hapo dakika haikuwa na maana kubwa kwa mtu aliyechunga ng'ombe kwenye nyanda hizi. Ni kweli, saa iliingia hapa na ajira, pamoja na ukali wote wa ajira ya kikoloni. Ila hoja hiyo ina upande wa pili. Kwenye mjengo, kibarua asiye na saa hutegemea mnyapara amtangazie muda wa kutoka. Mwenye saa yake anajua, na anaweza kusema. Saa ya mwajiri inatundikwa ukutani au langoni. Iliyo mkononi ni ya mfanyakazi mwenyewe.

Tukitaka kujua hasa saa ya mkono ni ya nani, turudi ilikoenea. Mwanzoni mwa karne iliyopita mwanamume wa Ulaya alibeba saa mfukoni, imefungwa kwa mnyororo. Ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyogeuza mambo, kwa sababu askari aliye handakini na bunduki mikononi hawezi kupapasa mfukoni akitafuta saa. Vita hivyo hivyo vilifika kwetu. Mtaa wa Kariokor hadi leo unabeba jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza. Vita vilipokwisha desturi ya kuvaa saa mkononi ilibaki, hata kwa wanaume waliokuwa wakiicheka. Iliyoieneza saa hii, basi, ni mikono yenye shughuli.

Kilichobaki kilikuwa bei. Siku ya Krismasi ya 1969 kampuni ya Seiko ya Japani iliuza Astron, saa ya kwanza ya mkono inayoongozwa na fuwele ya kwatsi, kijiwe kinachotetemeka kwa mwendo thabiti kikipitishiwa umeme, kwa yeni 450,000, fedha za kutosha kununulia gari dogo wakati huo. Miaka 20 baadaye, Casio ikaleta F-91W, saa ya plastiki ambayo betri yake hudumu kama miaka saba, nayo bado inatengenezwa. Ndani yake nayo mna fuwele ya kwatsi, inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kitu kilichokuwa cha tajiri kikawa cha mtu yeyote aliyebakiza akiba kidogo baada ya nauli.

Watazame sasa wale watu wa foleni. Soja anaandika kwenye kitabu cha wageni jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka, siku nzima, kalamu mkono mmoja na funguo za lango mkono wa pili. Yule wa bodaboda alinieleza kwamba mvua ikinyesha simu yake hukaa ndani kabisa ya koti, na hawezi kufungua zipu mbili barabarani kwa sababu abiria anauliza ni saa ngapi. Muuguzi anahesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika kisha anazidisha mara mbili. Mkono mmoja umeshika kifundo cha mgonjwa, macho yapo kwenye mshale wa sekunde. Hapa wapinzani wana ushindi wao mdogo, nami nauheshimu: saa ya mkononi huficha vijidudu chini ya mkanda na huzuia mkono usioshwe vizuri, na ndiyo maana wauguzi wengi huibandika kifuani. Ila hata huko kifuani ni saa, si simu.

Sababu ninayoithamini kuliko zote haitajwi sana, nayo inatuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili.

Saa yetu huhesabiwa kutoka macheo. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, likitangulia au kuchelewa dakika chache. Kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na hesabu inafuata mwanga tunaouona. Vyombo tunavyonunua, kwa upande wao, vimehesabu kutoka usiku wa manane. Simu inaandika 08:45. Mimi nasema saa tatu kasorobo. Ili nifike hapo natoa sita, nabaki na mbili na dakika arobaini na tano, kisha nageuza hizo ziwe tatu kasoro robo. Tumezoea, tunafanya haraka, lakini ni hesabu, na ukiwa umechoka unaikosea. Hata ukiiweka simu katika lugha ya Kiswahili, tarakimu zinabaki zile zile.

Kwenye saa ya mishale hesabu hiyo haipo. Tazama mishale, au akrabu, kama tulivyofundishwa kuiita shuleni. Akrabu fupi inakaribia 9, na ng'ambo yake, ukikata moja kwa moja katikati ya uso wa saa, kuna 3. Akrabu ndefu imelala juu ya 9, robo moja ya mzunguko haijatimia. Saa tatu kasorobo: nimeiona kwa macho tu. Kila namba kwenye uso ule inatazamana na mwenzake wa Kiswahili, 7 na 1, 8 na 2, 10 na 4. Waliouchora uso huo hawakutufikiria hata kidogo, lakini duara lililogawanywa mara kumi na mbili limetupa hesabu zote mbili mahali pamoja. Na maneno yetu wenyewe, kasorobo, na robo, unusu, ni maneno ya duara. Robo unaiona kwenye uso wa saa. Kwenye tarakimu 45 huioni, unaikumbuka tu.

Nairobi ndipo jambo hili linapokuwa na uzito, kwa sababu hapa saa za Kiingereza na saa za Kiswahili huingia kwenye sentensi moja. Mwaka jana nilipata ujumbe: "Kesho saa 3, Kencom." Nikafika hapo kituoni, katikati ya mji, saa tatu asubuhi. Mwenzangu akafika saa tisa alasiri, kwa kuwa aliandika Kiswahili huku akiwaza Kiingereza. Sidai kwamba saa ya mkono ingetuokoa siku ile. Nasema tu kwamba aliyezoea kusoma mishale anajua 3 ina mwenzake ng'ambo, na ni rahisi zaidi kwake kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili. Binti ya dada yangu ana miaka tisa na anafundishwa saa ya mishale darasani, lakini nyumbani kwao kila saa ni ya tarakimu. Nilipomwonyesha siri ya namba zinazotazamana alishika mkono wangu akaugeuza geuza, akizitaja zote hadi akazimaliza.

Kwa sababu hii naachana hata na wapenda saa wenzangu. Casio ya tarakimu ni imara na naistahi, lakini faida hii haina. Inakupa mikono huru na betri ya miaka mingi, basi.

Halafu kuna simu yenyewe. Kila anayepanda matatu jioni amewahi kumsikia makanga akihimiza abiria wafunge madirisha na waweke simu ndani gari linapokwama kwenye msongamano. Mkono hupita dirishani na simu imekwenda. Saa nazo huporwa, siwezi kukana, ila kuvua saa mkononi mwa mtu si rahisi kama kunyakua kitu alichokishika kwa vidole viwili. Kinachonisumbua zaidi ni yale ambayo simu hukuletea ukiitoa. Siku moja nilijihesabia: mara tano niliitoa ili nijue saa, na mara tatu niliirudisha mfukoni bila kujua ni saa ngapi. Katikati kulikuwa na ujumbe wa mkopo, picha za kundi la familia, video ya mtu nisiyemjua. Saa ya mishale ina jambo moja tu la kuniambia, halafu inaniacha niendelee na yangu.

Umeme nao tunaujua. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kwetu umeme haukurudi upesi, na kila asilimia ya chaji ikawa ya kupimiwa. Hakuna aliyetaka kuwasha simu kwa ajili ya saa tu.

Kuhusu saa janja, ile inayounganishwa na simu, sina mengi ya kusema. Kwa mwanariadha anayepima kasi yake alfajiri ni chombo cha kazi na thamani yake inaonekana. Kwa sisi wengine inahamisha ule ujumbe wa mkopo kutoka mfukoni hadi kwenye ngozi, na kuongeza kitu kingine cha kuchaji kabla ya kulala.

Nikimwambia mtu anunue, basi, nitamwambia anunue saa ya mishale isiyo na jina, yenye namba zote kumi na mbili zilizoandikwa wazi, kwa bei ambayo ikiibiwa hatakosa usingizi. Anayefanya kazi mezani, simu imelala mbele yake mchana kutwa, sitamshawishi. Hana haja nayo, na wapinzani wako sahihi kumhusu.

Mzee alipomaliza yangu aliniomba simu. Nilidhani anataka kunionyesha namba ya kulipia. Aliiweka mezani, kioo juu, akavuta kile kitufe cha pembeni mwa saa kwa ukucha, akaanza kuzungusha akrabu taratibu huku jicho moja liko kwenye lensi na la pili kwenye simu. Simu ilisoma 13:45. Alikisukuma kitufe ndani, akaiweka saa sikioni kidogo, kisha akanirudishia vyote viwili pamoja.

"Saa nane kasorobo," akasema, na kumwita muuguzi asogee.