Ubia katika nishati safi: hasara ikitokea, nani analipa?

Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilikamilika mwaka 2017, lakini umeme wake haukuingia kwenye gridi ya taifa hadi Septemba 2018. Mwekezaji binafsi alikuwa amemaliza kazi yake. Kilichokosekana ni njia ya kusafirisha umeme, zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, ambayo ilikuwa jukumu la serikali. Mkataba ulitaka ucheleweshaji huo ulipiwe, na fidia ya mabilioni ya shilingi ikawaangukia Wakenya.

Wanaopinga ubia wa serikali na sekta binafsi huutaja sana mradi huu. Hasira yao ni ya haki, ila mimi naielekeza kwa walioandika mkataba.

Jua na upepo havinunuliwi kama mafuta. Karibu gharama yote hutoka mwanzoni, kabla ya taa hata moja kuwaka, hivyo riba ya mkopo ndiyo inayoamua bei ya umeme kwa miaka ishirini inayofuata. Hapa wapinzani wana hoja nzito: serikali ikipata mkopo nafuu wa benki ya maendeleo, hujenga kwa fedha za bei ya chini kuliko kampuni inayowatafutia wanahisa wake faida. Lakini serikali iliyolemewa na madeni huenda isiupate mkopo huo, au ikautaka kwanza kwa hospitali na barabara.

Ushindani nao hupunguza bei kuliko wengi walivyotarajia. Afrika Kusini ilianza zabuni zake za nishati jadidifu mwaka 2011, na kufikia awamu ya nne bei ya umeme wa jua ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Paneli zenyewe zilikuwa zikishuka bei duniani, ni kweli. Hata hivyo, bila kampuni kushindanishwa hadharani, sioni nini kingeilazimisha faida hiyo imfikie mnunuzi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kipengele cha mkataba kinacholitaka shirika la umeme kulipia umeme hata usipotumika. Benki haikopeshi mradi usio na mapato ya uhakika, kwa hiyo kipengele hiki kina sababu yake. Lakini makadirio ya mahitaji yakitiwa chumvi, shirika la umeme hulipia umeme lisioweza kuuza. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijiondoa katika mradi wa Turkana kwa hofu ya aina hiyo. Ongeza sarafu: mkataba ule ni wa yuro, ilhali mteja analipa kwa shilingi. Shilingi ikianguka, mwekezaji amekingwa, mteja hana kinga.

Ningeukubali ubia kwa masharti matatu. Zabuni iwe ya wazi, na mkataba uchapishwe bungeni kabla ya kusainiwa. Njia ya umeme ipate fedha zake kabla mitambo haijaanza kusimamishwa. Na dhamana ya serikali, yaani ahadi yake ya kumlipa mwekezaji mambo yakiharibika, ihesabiwe kwenye vitabu vya deni la taifa siku inapotolewa, kwa sababu waziri anayeitoa mara nyingi huwa ameshaondoka madarakani inapodaiwa.