Ndege wa kusi asiye na jina

Demani ya mwaka juzi nilitoka Mirbat, kusini mwa Oman, kwa boti ya wavuvi, kumtafuta ndege mmoja mweusi. Ami yangu, mzaliwa wa Unguja, alinisindikiza kwa huruma tu. Tulikaa saa nzima tukila tende na kurushiwa maji ya chumvi usoni, ndipo akapita: kahawia iliyokolea hadi kuonekana nyeusi, mkia mrefu, mabawa marefu membamba. Akayapiga mara nne tano, akayanyoosha, akateleza kati ya mawimbi hadi akatupotea.

“Umeniamsha alfajiri kwa ajili ya huyu?” ami akauliza. “Hawa mbona tulikuwa tukiwaona jahazini.”

Mkiwaitaje?

“Ndege wa bahari.”

Vitabuni anaitwa kwa jina la Christian Jouanin, Mfaransa aliyemwelezea kisayansi mwaka 1955. Kilatini chake ni Bulweria fallax, na fallax maana yake mdanganyifu, eti kwa sababu anafanana mno na binamu yake. Huo naona ni uonevu. Kama kuna mdanganyifu hapa, ni ramani ya makazi yake iliyomo vitabuni: doa la buluu lililomwagwa juu ya Bahari ya Uarabuni na Ghuba ya Aden, kana kwamba maji hayo ni yaleyale mwaka mzima.

Baharia yeyote wa zamani angelicheka doa hilo. Kusi likishika, toka Juni hadi Septemba, husukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia na Oman, na maji baridi ya kilindini hupanda kujaza pengo. Hupanda na rutuba, samaki wadogo wakanenepa humo, na wenye mabawa wakajua pa kwenda. Kwa hiyo mimi ningeichora ramani yake kwa pepo na miezi, kama manahodha walivyopanga safari zao. Nchi kavu ana haja nayo ya kutaga tu. Viota vyake vimejificha kwenye nyufa za majabali ya kisiwa cha Sokotra, na wanasayansi walivithibitisha karibu nusu karne baada ya Jouanin kumpa jina.

Nasi tuna kusi, kaskazi, demani, maleleji. Ndege aishiye ndani ya pepo hizo tumemwacha bila jina. Nimependekeza “mwanakusi”. Ami hataki, anasema hilo ni jina la mashua.