Nywila ya siku 90 inamzuia nani?

Mkaguzi wa mifumo akifika chumba cha habari, hachelewi kuuliza nywila zinabadilishwa kila baada ya siku ngapi. Akiambiwa 90, anaweka alama ya vema. Akiambiwa hazibadilishwi mpaka pawe na sababu, inaandikwa hoja ya ukaguzi, na mkuu wa TEHAMA anaitwa kujieleza.

Huyo mkuu wa TEHAMA huonekana mzembe, au mtu aliyesalimu amri mbele ya malalamiko ya waandishi. Ukweli ni kwamba anafuata ushauri ambao taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeutoa tangu 2017: mtumiaji asilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda, alazimishwe pale penye dalili kwamba imevuja. Microsoft nayo mwaka 2019 iliondoa ukomo wa siku 60 katika mwongozo wake wa usalama wa Windows.

Ushahidi ulikuwepo kabla ya hapo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walichunguza nywila za zamani za akaunti za chuo hicho, ambako kubadilisha kila miezi mitatu kulikuwa lazima. Walitaka kujua: mwizi aliyeipata nywila ya zamani anahangaika kiasi gani kuipata mpya? Kwa asilimia 17 ya akaunti, hakuhitaji kukisia zaidi ya mara tano. Tano! Mifumo mingi hufunga akaunti baada ya makosa kati ya matano na kumi, kwa hiyo mwizi anaweza kuwa ndani kabla kufuli halijashtuka. Akiwa na faili lenyewe la nywila mkononi, ambamo zimehifadhiwa kwa msimbo, asilimia 41 ya akaunti zilifunguka kwa wastani wa sekunde tatu kila moja. Aliyewahi kukaa dawatini haimshangazi: Habari@Jan1 huwa Habari@Apr1, kisha Habari@Jul1. Herufi kubwa imo, tarakimu imo, alama imo, mfumo umeridhika. Anayejua ya Januari anaijua ya Julai.

Kwenye gazeti hali ni mbaya kuliko chuoni. Taarifa kwamba nywila imeisha muda haichagui saa. Inamkuta mhariri wa zamu saa nne usiku, ukurasa wa kwanza ukisubiriwa mtamboni na fundi wa TEHAMA keshakwenda nyumbani. Atafanya nini? Ataingia kwa akaunti ya mwenzake. Kesho yake kumbukumbu za mfumo zinaonyesha habari ilihaririwa na mtu ambaye usiku huo hakuwa kazini, na siku kichwa cha habari kitakapoleta kesi hakuna atakayejua nani alikigusa. Au atapiga simu ili nywila yake irudishwe upya. Ofisi ikizoea kufanya hivyo kwa kusikia sauti tu, yeyote anayejua jina la mhariri anaweza kupiga simu hiyohiyo.

Wanaotetea siku 90 wana hoja, tena nzito. Chumba cha habari hakina orodha tulivu ya watumiaji. Kuna wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kuna waandishi wa kujitegemea mikoani wanaolipwa kwa habari. Wengi hawamo kwenye orodha ya mishahara, kwa hiyo siku wanapoondoka ofisi ya utumishi haimwarifu mtu. Tarehe ya mwisho angalau inafagia mabaki.

Mfano wao mzuri ni Matthew Keys, aliyekuwa akitayarisha habari za tovuti katika kituo cha televisheni cha Sacramento kilichokuwa mali ya Tribune Company. Aliondoka Oktoba 2010. Desemba mwaka huohuo, kwa mujibu wa hukumu iliyomtia hatiani 2015, aliwapa wadukuzi wa Anonymous nywila ya kuingilia mfumo wa kuchapishia, na habari moja ya Los Angeles Times mtandaoni ikabadilishwa kichwa. Ila tuhesabu: Oktoba hadi katikati ya Desemba haifiki siku 90. Nywila iliyowekwa wiki aliyoondoka ingekuwa bado hai. Kilichokosekana ni mtu wa kufunga mlango siku ileile.

Wizi wa papo hapo ndio kabisa haujali kalenda. Aprili 2013, baada ya wafanyakazi wa shirika la habari la Marekani, Associated Press, kutumiwa baruapepe za ulaghai, akaunti ya Twitter ya shirika hilo ilitangaza milipuko Ikulu ya Marekani. Kipimo cha hisa cha Dow Jones kilishuka pointi mia na arobaini na kitu ndani ya dakika chache kabla ya kupanda tena. Nywila iliyonaswa hutumika mara moja, haingoji robo ya mwaka iishe. Hapo dawa ni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili, ambao Twitter wakati huo haikuwa nao. Tena usiwe wa SMS pale penye chaguo jingine, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishiwa kwa tapeli. Programu ya simu inayozalisha namba za kuingilia ni afadhali. Kwa wahariri wenye ruhusa ya kuchapisha, ufunguo wa USB, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, ni bora zaidi, kwa kuwa haukubali kufanya kazi kwenye ukurasa bandia. Kila mmoja apewe funguo mbili, wa pili ukae kabatini, maana wa kwanza utapotea.

Akaunti za pamoja, za mitandao ya kijamii hasa, ni suala jingine. Hizo nywila zibadilishwe kila anapoondoka mtu aliyezijua, na zikae ndani ya programu ya kutunza nywila. Aprili 2015, siku moja baada ya kituo cha televisheni cha Ufaransa, TV5Monde, kushambuliwa na wadukuzi, mwandishi wake alihojiwa kwenye televisheni huku nyuma yake vikaratasi vya nywila vikisomeka ukutani.

Na kwa mwandishi wa kujitegemea, ukomo uwekwe kwenye akaunti, nywila yake iachwe. Siku 30 bila kutumika, akaunti inajifunga yenyewe. Akileta habari nyingine, mhariri aliyempa kazi ndiye anayeomba ifunguliwe, na jina lake linabaki kwenye kumbukumbu.