São Paulo hawataki kodi ya mwaka, wanataka mdhamini

Aliyezoea kupanga Dar es Salaam anajua mzigo uko wapi: kodi ya miezi 6 mkononi, pengine ya mwaka, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Ukiwa nazo, unaweza kukabidhiwa funguo siku hiyohiyo bila mtu kukuuliza kazi yako. São Paulo, Brazili, ni kinyume. Dalali hulipwa na mwenye nyumba, ndivyo sheria inavyosema, na fedha ya kuanzia si nyingi. Ila mgeni anaweza kuwa na fedha benki na bado akakataliwa, kwa kuwa wanachotaka ni uhakika kwamba mwezi wa nane utalipa kama ulivyolipa wa kwanza.

Sheria ya upangaji ya Brazili, namba 8.245 ya 1991, inaruhusu dhamana ya aina moja tu kwa kila mkataba. Kuna fiador, yaani mdhamini, na ofisi za upangishaji kwa kawaida humtaka awe na nyumba yake, tena katika mji huohuo. Mtu aliyeshuka ndege juzi atamtoa wapi? Kuna seguro-fiança, bima ambayo kwa mwaka mara nyingi hula kodi ya mwezi mzima au zaidi, na hairudi. Kuna caução, amana isiyozidi kodi ya miezi 3, inayowekwa kwenye akaunti ya akiba na kurejeshwa pamoja na faida yake. Omba caução kwanza. Wenye nyumba wanaopangisha wenyewe huikubali kwa urahisi zaidi kuliko ofisi. Anayekudai caução na fiador kwa pamoja anavunja sheria.

Kabla ya yote pata CPF, namba ya mlipa kodi ya serikali yenye tarakimu 11. Inaweza kuombwa kabla ya safari kupitia ubalozi wa Brazili, na upo Dar es Salaam na Nairobi. Usiharakie mkataba mrefu. Anza na chumba chenye samani kwa mkataba wa temporada, usiozidi siku 90. Hapo mwenye nyumba anaruhusiwa kuchukua kodi yote mapema. Muda huo utumie kujiandikisha Polícia Federal, polisi wa shirikisho wanaosajili wageni, na kukusanya hati za mshahara. Asiye na kitu kabisa, wakiwemo Wakongo wanaofika kuomba hifadhi, anaweza kubisha hodi Casa do Migrante, nyumba ya kupokea wahamiaji ya shirika la Kikatoliki la Missão Paz, mtaa wa Glicério.

Wengi hukosea kwenye hesabu. Tuseme tangazo linasema kodi ni reais (fedha ya Brazili) 2,000. Ongeza condomínio, gharama za jengo, 600, na kodi ya majengo IPTU 100: utalipa 2,700, na ofisi nyingi hutaka kipato cha mara tatu yake. Kubadilisha lifti au kupaka rangi kuta za nje si juu yako, hata kama vimeingizwa kwenye bili ya condomínio.

Nyumba tupu huko ni tupu kweli: hakuna jiko, hakuna friji, wakati mwingine hata taa zimeng'olewa. Usibebe vyombo vya umeme kutoka nyumbani, maana soketi nyingi za São Paulo zina volti 127, chini ya za kwetu. Siku ya makabidhiano kuna vistoria, ukaguzi wa maandishi. Piga picha kila ufa, fungua kila bomba, na kasoro iliyoachwa nje ya ukaguzi huo ipeleke kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba. Usipofanya hivyo, ufa wa zamani utakuwa wako.

Mkataba wa kawaida ni miezi 30, na hilo huwatisha wageni bure. Adhabu ya kuvunja, ambayo mara nyingi ni kodi ya miezi 3, hupungua kadiri unavyokaa: ukitoka mwezi wa 20, unalipa ya mwezi mmoja. Mwajiri akikuhamishia mji mwingine, ukatoa taarifa ya siku 30, hulipi chochote. Hiki ndicho ningetaka kiigwe nyumbani kabla ya kingine chochote, kwa sababu Dar es Salaam aliyelipa mwaka mzima akahamishwa kikazi mwezi wa nne hubaki akimbembeleza mwenye nyumba kwa miezi minane ambayo hataishi humo.