Akademia ya Florence: ukombozi wa wasanii na bei yake

Hadi mwaka 1571, mchoraji wa Florence, mji wa Italia, alihesabiwa kisheria pamoja na wauza dawa. Chama kilichomsimamia kilikuwa cha madaktari na wafamasia, maana rangi zake zilinunuliwa kwenye maduka yaleyale ya dawa na marhamu. Mchongaji naye aliwekwa fungu moja na waashi na maseremala. Wote walilipa ada za chama, na mbele ya matajiri waliowapa kazi walionekana watu wa mikono tu.

Hilo ndilo Giorgio Vasari, mchoraji na msanifu majengo, alilotaka livunjwe alipomshawishi mtawala Cosimo wa Kwanza, wa ukoo wa Medici, aidhinishe Accademia delle Arti del Disegno, yaani akademia ya sanaa za uchoraji na usanifu, mwaka 1563. Miaka minane baadaye wanachama wake wakaondolewa chini ya vyama vile vya zamani. Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo: msanii amekombolewa. Nami nakubali kwamba alikombolewa. Ninachouliza ni nani aliyemkomboa, na alitaka nini.

Tazama waliowekwa juu. Viongozi wawili wa heshima walikuwa Cosimo mwenyewe na Michelangelo, mchongaji na mchoraji mashuhuri. Huyu wa pili alikuwa mzee wa karibu miaka 88, anaishi Roma, na hakuwa amekanyaga Florence tangu 1534. Tena mwaka 1529, Jamhuri ya Florence ilipokuwa ikipambana ili Medici wasirudi madarakani, yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wa ngome za mji. Sasa jina lake likawa pambo la taasisi ya watu haohao. Alipofariki Februari 1564, mtoto wa ndugu yake aliutoa mwili Roma kwa siri, umefungwa kama robota la bidhaa. Julai 14 akademia ikamwombolezea katika San Lorenzo, kanisa la ukoo wa Medici, kwa jukwaa kubwa la sanamu na picha zilizosimulia maisha yake, nyingi zikiwa kazi za vijana. Mchongaji Benvenuto Cellini, mmoja wa wanne walioteuliwa kupanga shughuli hiyo, alisusa kwa sababu ya ugomvi wa kipi kitangulie, uchongaji au uchoraji.

Ibada ile iliwapa wasanii heshima ambayo haikuwahi kutolewa kwa mtu wa kazi yao, na hilo si jambo dogo. Lakini Cosimo naye alipata alichokitaka: mpinzani wa zamani alizikwa kama mtu wake. Na aliyeendesha akademia siku kwa siku hakuwa msanii. Alikuwa mtawa Vincenzo Borghini, mwakilishi aliyeteuliwa na mtawala.

Upande wa mafunzo, hata hivyo, ndiko ninakoona faida isiyobishaniwa. Katika karakana, mwanagenzi alijifunza kwa kumwangalia bwana wake: kusaga rangi, kuandaa ubao, kunakili michoro hadi mkono uzoee. Ni elimu nzito, ila mpaka wake ni ule wa bwana mmoja. Akademia iliongeza vitu ambavyo karakana haikuwa navyo. Wakati wa baridi, maiti zilipasuliwa katika hospitali ya Santa Maria Nuova ili wasanii waone msuli unavyoshika mfupa. Kulikuwa na masomo ya jiometri ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale. Ostilio Ricci, aliyefundisha hisabati hapo, ndiye pia aliyemfundisha mwanasayansi Galileo, na Galileo mwenyewe akachaguliwa kuwa mwanachama mwaka 1613. Karakana hazikufa, kijana aliendelea kujifunzia kazi humo. Ila sasa alikuwa na mahali pa pili pa kuuliza maswali.

Kisha mwaka 1616 akaingia mchoraji Artemisia Gentileschi, mwanamke wa kwanza kukubaliwa. Miaka minne kabla yake, mahakama ya Roma ilikuwa imesikiliza kesi ya kubakwa kwake, naye alihojiwa kwa mateso ya kamba zilizokazwa vidoleni. Kwa mtu kama huyo, uanachama ulikuwa hadhi anayoishika mwenyewe. Mkosoaji atasema aliingia kwa sababu jumba la Medici lilimpenda, na atakuwa na hoja. Ila sioni kama hoja hiyo inaifuta hadhi yenyewe.

Mwaka 1784 Pietro Leopoldo, mtawala wa Toscana, aliyaunganisha mafunzo yote ya sanaa katika Accademia di Belle Arti, na kando yake akaweka mkusanyiko wa picha za kale kwa ajili ya wanafunzi. Hapo ndipo sanamu ya David, kazi ya Michelangelo, ilipohamishiwa mwaka 1873, na leo watalii wanaopanga foleni kuiona wengi hawajui kwamba shule ipo mlango wa jirani.

Karne ya 19 ndiyo iliyoijengea akademia sifa mbaya. Wachoraji vijana waliokutana katika mkahawa wa Caffè Michelangiolo, walioitwa Macchiaioli, walichoshwa na mashujaa wa kale waliopakwa rangi laini. Wakatoka kuchora mashamba, askari na jua kwa mabaka ya rangi. Mmoja wao, Giovanni Fattori, alikuwa mwanafunzi wa akademia hiyohiyo, na baadaye akarudi kufundisha humo hadi uzeeni. Hakutaka wanafunzi wake wachore kama yeye. Mwaka 1902 Amedeo Modigliani, kijana kutoka Livorno ambaye baadaye alikuwa mchoraji mashuhuri, alijiandikisha katika darasa huru la kuchora mwili wa binadamu, wakati Fattori bado yupo. Akademia iliyoweza kumweka muasi wake mbele ya darasa haikuwa imekufa kama wapinzani wake walivyodai.