Kabla ya Kusakinisha Windows Upya kwa Sababu ya Skrini

Kuna hitilafu ya kompyuta inayochosha kuliko ile inayoizima kabisa: unapanga skrini ikae unavyotaka, herufi zikasomeka vizuri na picha ikajaa pembe hadi pembe, lakini ukiwasha upya unakuta imerudi kwenye pikseli 1024 kwa 768, aikoni zimevimba na maandishi yana ukungu. Unapanga tena, inarudi tena. Ushauri unaotolewa haraka ni kuweka draiva mpya, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi ya picha, na, ikishindikana, kufuta kila kitu na kusakinisha Windows upya. Kwa maoni yangu ushauri huo unaanzia mwisho, kwa sababu mara nyingi mipangilio yako haijapotea. Kompyuta bado inayo, ila haijatambua kuwa skrini iliyochomekwa ndiyo ile ile ya jana.

Windows huhifadhi mipangilio hiyo kwa kufuata skrini zilizounganishwa. Kila skrini ya kisasa hubeba maelezo mafupi kujihusu, yaitwayo EDID, utaratibu uliopo tangu mwaka 1994, ambao sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu: mtengenezaji, modeli, na vipimo vya picha ambavyo skrini inavimudu. Kompyuta huyasoma inapowaka, kisha hutafuta mpangilio uliohifadhiwa kwa ajili ya skrini hiyo. Yasiposomeka, skrini huhesabiwa kuwa mgeni asiye na kitambulisho, nayo hupewa vipimo vya tahadhari ambavyo karibu skrini yoyote inaweza kuvionyesha. Kinachoniudhi ni kwamba haya yote hufanyika kimyakimya, ilhali sentensi moja ya kusema kwamba maelezo ya skrini hayakusomeka ingemwokolea mtumiaji siku nzima ya kubahatisha.

Kwa hiyo mimi huanza na kebo. Katika kebo ya VGA, aina ya zamani ya kebo ya skrini, maelezo hayo hupita kwenye pini namba 12 na 15, ambazo hazihusiki na kubeba rangi. Ndiyo maana moja ikipinda au ikikosekana, picha huendelea kuonekana na rangi zake zote na hakuna anayeishuku kebo. Adapta, pamoja na visanduku vya kuunganisha kompyuta mbili kwenye skrini moja, navyo huweza kuyazuia. Chomeka skrini moja kwa moja kwa kebo nyingine, kisha ufungue Device Manager, orodha ya vifaa iliyomo ndani ya Windows, usome jina ililopewa. “Generic PnP Monitor” si dalili mbaya, kwani hata skrini isiyo na hitilafu huandikwa hivyo. Ukikuta “Generic Non-PnP Monitor”, hapo ujue kompyuta haijapata maelezo yoyote, na mpangilio wako huenda usidumu hadi njia hiyo ifunguke. Wenye skrini mbili wazingatie jambo jingine: baadhi ya skrini zinazounganishwa kwa kebo ya DisplayPort zikizimwa huonekana kana kwamba zimechomolewa, kwa hiyo ni vyema kuziwasha kabla ya kompyuta.

Draiva nayo ina nafasi yake, lakini ina ushahidi wake. Kadi ya picha ikiwa imeandikwa “Microsoft Basic Display Adapter”, basi draiva halisi haipo au haikupakiwa, na itafutwe kwa mtengenezaji wa kadi au wa kompyuta yenyewe. Isipokuwa hivyo, fanya jaribio ambalo watu wengi hulipuuza: linganisha kuzima na kuwasha upya. Tangu Windows 8, kompyuta yenye kipengele cha kuwaka haraka (Fast Startup) haizimiki kikamilifu, kwa kuwa kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurejeshwa baadaye, ilhali kuwasha upya huanza kila kitu mwanzo. Mipangilio ikipotea baada ya kuzima lakini si baada ya kuwasha upya, ondoa kipengele hicho kabla ya kugusa draiva.

Angalia pia ni nini kingine kinachopotea pamoja nayo. Saa ikiwa inarudi nyuma kila umeme unapokatwa, betri ndogo ya ubao mkuu imechoka, na mipangilio ya awali ya mashine, ikiwemo ya kuchagua kadi ya picha, inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani. Picha ya mandharinyuma na mafaili ya eneo-kazi yakitoweka vilevile, umeingizwa kwenye akaunti ya muda, au mashine ina programu inayoirejesha katika hali ya awali kila inapowaka, jambo la kawaida kwenye kompyuta zinazotumiwa na watu wengi. Hapo wa kuulizwa ni msimamizi wake. Watumiaji wa Linux wanaopanga skrini kwa amri ya xrandr hawana hata hitilafu ya kutafuta, kwa sababu amri hiyo hukoma pale wanapotoka kwenye akaunti. Waiweke tu miongoni mwa programu zinazoanza wanapoingia.