Mafundisho ya ndoa yanafika ukumbi umeshalipiwa

Katika makanisa mengi ya Tanzania mtu hufundishwa ndoa akiwa tayari ana mchumba, na mara nyingi ana tarehe. Baadhi ya walezi wa vijana wanataka malezi hayo yaanze mapema zaidi, wakati kijana hana mtu kabisa. Hoja hii inapingwa, na wanaoipinga si watu wa kupuuzwa.

Paulo yuko upande wao. Katika 1 Wakorintho 7 anasema kila mtu ana karama yake, na kwamba asiyeoa hujishughulisha na mambo ya Bwana. Ukimweka kijana wa miaka 24 kwenye darasa la ndoa, wanasema, unamwambia chini chini kwamba maisha yake hayajaanza. Sala zake zinageuka kuwa za kuomba mume au mke tu, na mfungo unakuwa wa kumshinikiza Mungu. Tena mzigo huwaelemea mabinti: kila semina wanasomewa Mithali 31, vijana wa kiume wameachwa nje. Hilo la mwisho ni kweli, na linauma, kwa sababu sura yenyewe ni mausia ya mama kwa mwanawe, mfalme Lemueli. Kabla mke mwema hajatajwa, kijana huyo anaonywa asiwape wanawake nguvu zake, ajihadhari na mvinyo, na amtetee asiyeweza kujisemea. Wavulana ndio waliopaswa kuisoma kwanza.

Lakini tuutazame mpangilio tulio nao. Mshenga anapeleka barua ya posa. Vikao vya mahari vinakaa, sehemu inatolewa. Kamati ya harusi inaundwa, kadi za michango zinasambazwa, watu wanatoa ahadi. Ukumbi unalipiwa kianzio, kisha mpambaji, mpishi na mpiga picha. Ndipo wawili hao wanapoketi mbele ya mchungaji au paroko kufundishwa fedha, watoto, wakwe na tendo la ndoa. Matangazo yanasomwa Jumapili tatu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla ya kufunga ndoa.

Sasa chukua jambo moja tu, seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba chake bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano wa robo kumpata mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Nayo ni robo katika kila mimba, kwa hiyo mtoto wa kwanza akiwa mzima hakumlindi wa pili. Kipimo ni cha damu, na mtu anaweza kukifanya akiwa peke yake miaka kadhaa kabla ya uchumba. Majibu yakija wiki tatu kabla ya harusi, wawili hao wana maswali mazito: waendelee, na kama wataendelea, wajiandae vipi kwa watoto? Maswali hayo yanahitaji miezi ya sala, mashauri ya daktari na mazungumzo na wazazi. Badala yake kuna kikao cha kamati Jumamosi. Ndivyo ilivyo pia kwa binti anayegundua katikati ya mafundisho kwamba mwenzake ana mikopo ambayo hajawahi kuitaja. Akitaka kusimama, itabidi amweleze baba, mshenga na kila aliyechanga. Anaomba amani, anaipata haraka mno, anaendelea. Nani atamlaumu?

Sheria yenyewe inajua kwamba uchumba huvunjika: inamruhusu mtu kudai mahakamani zawadi aliyoitoa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa. Ni aibu ndiyo inayofunga mlango ambao sheria imeuacha wazi.

Wengine hupendekeza njia ya kati, kwamba mafundisho yatangulie kamati. Ni pendekezo zuri, nalo lifuatwe. Ila aliyekwisha kupenda hasikii vizuri. Anayesema “Mungu amenionyesha” anahitaji awe amezoea, kabla moyo haujashikwa, kuyaleta mafunuo yake mbele ya watu wanaomjua na kukubali kuambiwa hapana. Kuzipima roho, kama Yohana anavyoagiza, ni nidhamu ya muda mrefu, haipatikani kwa vipindi sita vya jioni. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu familia, alitaja ngazi tatu za maandalizi: ya mbali, ambayo huanza utotoni, ya karibu, na ya mwisho katika miezi na wiki za kuelekea harusi. Sisi tumebaki na ya tatu.

Malezi yanayofaa hayamtaji mchumba kwa muda mrefu. Kundi la watu wanane hadi kumi na wawili, wa kike na wa kiume, linakutana mara mbili kwa mwezi kwa mwaka mmoja pamoja na wanandoa wawili wenye miaka mingi ya ndoa. Kila mmoja anaandika mapato na matumizi yake kwa miezi mitatu, madeni yakiwemo, na kumwonyesha mlezi. Anachagua ugomvi mmoja alio nao na ndugu au mtu anayeishi naye, anauendea kwa utaratibu wa Mathayo 18: kwanza wawili peke yao, kisha kwa mashahidi. Anahudumia mgonjwa au mzee mmoja kwa zamu isiyokwepeka, kwa sababu huruma ya jukwaani haichoki na ya nyumbani huchoka. Ana saa ya sala isiyotegemea kwaya wala mkesha. Anapima afya yake.

Hapo hoja ya Paulo inapata jibu lake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopotea mtu asipooa au kuolewa. Anayebaki mseja ana deni la kulipa, ndugu wa kupatana naye na Mungu wa kusema naye kila asubuhi.

Yapo ya kuharibu. Kundi likigeuka mahali pa kutafutana, wale wasiochaguliwa huondoka wameumia kuliko walivyokuja. Siri ya mmoja ikivuja mara moja, hakuna atakayesema kweli tena, kwa hiyo mlezi asiwe mjumbe wa kamati yoyote ya harusi wala mtu anayewasilisha taarifa za vijana kwenye baraza la wazee. Na wavulana wakiruhusiwa kukosa, kundi lifungwe hadi warudi. Mabinti wamefundishwa peke yao vya kutosha.